Sayari Unayotoka

Mlangoni kijana alinipa kalamu na kibandiko:
"Andika jina, mama, na sayari unayotoka."
Nikaandika Mwamvua. Nikaandika Tandika.
Akasoma, akatikisa kichwa
kama mtu anayeijua njia ya kwenda huko.

Ukumbi ni wa Sinza, ule wa harusi;
viti bado vimefungwa riboni za jana,
feni tatu, moja inazunguka kwa kulazimishwa.
Nyuma ya ukuta kuna kicheni pati:
mgeni wa Kampala akitaja mwendo wa mwanga
vigelegele vinampokea.

Roboti ametengenezwa kwa ndoo za rangi,
ubavuni bado pasomeka: lita ishirini, nyeupe ya dari.
Binti wa Mombasa ana mabawa ya miavuli mibovu,
anapita mlangoni kwa ubavu, samahani, samahani.
Watu wa Bujumbura wamelala njiani mara mbili,
wamefika na sayari yao ndani ya boksi la sabuni,
pete zake za waya zimepindia mpakani:
afisa alitaka kujua sayari inalipiwa ushuru gani.

Jukwaani wanabishana: jini ni mgeni wa anga, ama jirani?
Mtu wa Tanga akasimama.
"Jirani. Kwetu alikopa kinu, hajarudisha."
Nilicheka hadi nikashika kiti.

Miaka thelathini na moja sijapata wa kumweleza.
Nilikuwa muuguzi, wodi ya watoto, zamu za usiku.
Kitabu nilikinunua kwa muuza magazeti ya zamani, Mnazi Mmoja,
hakina jalada, hakina mwisho:
nahodha, mwanamke, amesimama ndani ya chombo chake,
mlango unagongwa kutoka nje,
na nje hakuna hewa, hakuna mtu.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Basi. Gundi kavu.

Nilimsomea Nyamizi wa kitanda cha tisa,
mtoto wa Urambo, damu yake ikijila yenyewe.
Kila usiku kurasa nne, baada ya kupima joto.
Tulipofika mlangoni akauliza, nani anagonga?
Nikasema kesho.
Kesho yake akauliza tena, sauti imekwisha kuwa pumzi.
Nikamwambia: ni mama yake. Amemletea uji.
Akafikiri.
Angani uji haunyweki, akasema,
unaelea.
Ndilo neno la mwisho aliloniachia.

Mapumziko, vidole vina mafuta ya chipsi,
nikamsimulia Ombeni, kijana wa mlangoni.
Akachomoa simu, akaandika, akasubiri mtandao.
"Mama, kipo! Kina kurasa mia tatu. Mwishoni yule nahodha..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja.
Kiganja changu, mbele za watu, na chumvi yake.

Usiniambie.
Nimezoea kuingia kwa yule mwanamke usiku
nikamkuta bado amesimama, mkono kwenye komeo,
mapigo yako sawa.
Mkinipa kurasa zilizobaki
huenda mkanipa na kaburi lake.
Wa makaburini ninao wa kutosha.

Ombeni akarudisha simu mfukoni, akajifuta midomo.
Akala kimya. Kisha, bila kunitazama:
"Lakini uji, mama, ukiwekwa kwenye mfuko wenye mrija
hauelei."
Roboti akageuka, ndoo ikagonga ndoo:
"Uwe mzito. Wa ulezi."
"Na sukari?" akauliza wa mabawa. "Nani atazikamata chembe?"
Mmoja wa Bujumbura akachora ule mfuko
kwenye karatasi ya chipsi,
mafuta yakiipiku penseli.

Wakabishana mpaka kikao cha pili kikaanza bila wao,
mpaka nyuma ya ukuta mwali akaingizwa kwa ngoma.
Kibandiko changu kilikuwa kimeanza kubanduka kwa jasho.
Nikakibonyeza kwa kidole gumba,
nikaomba penseli.