Pete ya Mguuni

Kichupa cha kumi na tisa. Kibandiko kimelowa spiriti,
wino umetembea: Nyabushozi, kisha tarehe isiyosomeka.
Nawamwaga kwenye sahani ya kioo,
wanabingirika kama mbegu za mbarika.

Hadubini haina haraka, nami nimejifunza kwake.
Kwanza mdomo: mfupi au mrefu?
Kisha ngao: imejaa vishimo, kama uso wa aliyepona ndui,
au laini kama kunde?
Macho yametokeza, shanga mbili. Ukoo wake naujua.
Imebaki miguu.

Maana nduguye wa kusini, vitabu vinasema,
huvaa pete nyeupe katika kila pingili,
na huyu wa kwetu miguu yake ni myekundu mitupu,
rangi ya mawese.
Jina moja, jina la pili moja,
halafu la tatu, la kuwatenga.

Ng'ombe aliyewabeba aliitwa Bihogo.
Kembabazi alimshika pembe,
mimi nikachokonoa chini ya mkia kwa koleo.
"Wote hao kupe," akasema. "Unahesabu nini?"
Nikamuuliza: na yule mwekundu pale, si Bihogo pia?
Alicheka hadi akaachia pembe.
"Yule? Yule ana baka jeupe usoni, ni Kyasha!
Na yule wa madoa ni Mayenje.
Dada, umesoma wapi wewe, hata ng'ombe huwaoni?"

Sasa niko Mbarara, umeme unayumba,
na wa saba ana pete.
Pete! Mguu wa nyuma, pingili ya tatu, weupe mwembamba.
Moyo ukaruka mipaka mitatu kwenda kusini na kurudi.
Nikaliona jina langu limechapwa
chini ya picha ya mguu.

Nikachovya brashi. Nikasugua mara moja, mara mbili.
Pete ikabanduka, ikaelea:
samadi ya Bihogo, iliyokauka.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha Kembabazi.
Halafu kikakatika.
Babu yangu aliwahi kusimamishwa juani
pua yake ipimwe kwa rula,
akaandikwa upande huu wa daftari,
nduguye wa tumbo moja upande ule.
Hakuna aliyechovya brashi.

Miguu myekundu, naandika. Dume. Wa kawaida.
Taa imerudi.
Wa nane.