Mkono wa Kushoto wa Gilbati Hoza

Mimi ni fundi cherehani, si fundi piano.
Lakini Tanga mwaka ule hapakuwa na mwingine,
ndipo Gilbati Hoza akanijia Barabara ya Tisa
na nyundo mbili za piano ndani ya bahasha ya Reli,
akauliza: sufi hii, ukiishona, itashika?

Ilishika. Nilikata tarbushi ya marehemu baba,
na tangu hapo noti mbili za chini kabisa
zilitembea Raskazone zimevaa kofia.
Hakunilipa. Alisema, njoo usikie.

Mchana alipima mkonge stesheni,
robota juu ya mizani, kalamu sikioni.
Usiku aliingia kwa mlango wa jikoni
kwenye klabu ambayo mama yake aliifagia
miaka kumi na minane bila kuketi.
Utotoni alilala chini ya piano ile mama akideki;
aliijua kwanza kwa tumbo lake,
akajua kanyagio kabla ya funguo.

Sasa nikueleze alivyopiga.
Mkono wa kushoto ulikuwa kuli.
Unashuka chini kabisa, unajitwika, dum,
unapanda hadi katikati, unatua, chaka,
unarudi mtupu, mbio,
dum, chaka, dum, chaka,
wala yeye hauangalii.
Kuli hatazami ubao anaopitia,
anaujua kwa nyayo.

Na wa kulia?
Wa kulia hauna kazi.
Umekwenda soko la Mgandini bila senti,
unashika hiki, unauliza bei, unacheka,
unamsema mtu, unakanusha,
ukigeuka, wa kushoto umekwisha shusha behewa zima.

Funguo tatu, juu kidogo ya katikati,
chumvi ilikuwa imezila. Nilihangaika nazo wiki mbili
kwa mafuta ya cherehani na waya wa breki ya baiskeli.
Ziache, akasema.
Akawa anaziruka
kama mtu wa Ngamiani arukavyo madimbwi ya masika,
suruali ameishika magotini,
mazungumzo yanaendelea.

Ikaja meli kuchukua mkonge,
na ndani yake Mgoa mmoja, Kayetano,
mpiga piano wa maofisa.
Alipiga vizuri, sitamnyima haki yake;
vidole vilikuwa na adabu, vimesomeshwa.
Akainuka, akapangusa funguo kwa leso,
akasema, karibu.

Hoza hakuvua koti.
Alianza kama garimoshi linaloondoka na mzigo,
linakohoa, linasita, limejuta kuondoka,
kisha sijui ni wapi
tulipopita Muheza bila kusimama.
Glasi iliyokuwa juu ya piano
ilitembea yenyewe hadi ukingoni
na hakuna aliyethubutu kuiokoa.
Kayetano alizunguka nyuma ya piano,
akainama, akachungulia.
"Mwenzake yuko wapi?"

Halafu yakaja magitaa. Simlaumu mtu.
Gitaa linapanda lori hadi Korogwe na kurudi;
piano inataka wanaume sita na bado inanung'unika.
Klabu ikabadilisha jina.
Piano ikasogezwa jikoni, ikapangwa sahani.
Jumapili mchana, wapishi wamelala,
Hoza alizishusha moja moja, akazihesabu
(karani ni karani),
akapiga polepole asiwaamshe,
akazirudisha zote, arobaini na moja.

Tulimzika kwao, milimani, mvua ikinyesha.
Piano sijui iliishia wapi. Wengine wanasema kuni.

Juzi napita kanisani, Chumbageni, nakokota baiskeli.
Mjukuu wake, Nehemia, anafanya mazoezi
kwenye kinanda cha umeme kilichonunuliwa kwa mchango,
funguo zote nzima, nyeupe kama meno ya mtoto.
Nikasikia dum, chaka. Nikasimama.
Mkono wa kulia ukapanda ukicheka,
ukafika pale, juu kidogo ya katikati,
ukaruka tatu.

Sikuingia kuuliza.
Niliinua suruali yangu kidogo, nikavuka.
Barabara ilikuwa kavu.