Sekunde Ishirini na Tano

Nimepakiwa nyuma ya pikipiki ya Zsombor,
kizibao cha mwamuzi kimenibana tumboni,
kadi za buluu mfukoni, saa ya kubonyeza kiganjani.
Miaka thelathini na mmoja nilifundisha hesabu Tapolca;
sasa nahesabu watu.

Wameshaogelea. Ziwa Balaton bado linawadondoka vifundoni,
na barabara ya mashamba ya mizabibu
imewatawanya kama shanga zilizokatika uzi.
Mita kumi na mbili, baiskeli hadi baiskeli.
Si kumi. Si kumi na moja na nusu na "samahani, mwalimu."
Maana ukimganda mwenzio mgongoni
upepo unampiga yeye, wewe unastarehe,
na sheria yetu, ndogo kama ilivyo,
inataka kila mtu aulipe upepo wake.

Namba 318, Ilka Bodrogi, fundi wa meno ya bandia,
amemwona mzee mbele yake:
namba 77, Dezső, aliyekuwa karani wa posta.
Namtazama anavyojiandaa.
Hakurupuki. Anageuza shingo kwanza, bega la kushoto,
kama mtu anayevusha mtoto.
Gari jeupe la mkate linakuja nyuma yetu; analiacha lipite.
Mstari wa katikati kwake ni ukuta.
Kisha anapaza sauti: "Balról!"
Yaani kushoto kwako, naja,
kwa sauti ya kubisha hodi, si ya kufukuza.

Nabonyeza.

Moja. Ameingia ndani ya zile mita.
Sita. Gurudumu lake limefika kwenye kisigino cha mzee.
Kumi na moja. Bega kwa bega,
na hapa ndipo watu hujulikana.

Dezső amekaza.
Nimeiona misuli ya paja lake
ikiinuka kama mtu aliyeitwa jina darasani.
Anayepitwa haruhusiwi kukaza,
tulilisoma asubuhi kwa kipaza sauti, mara mbili,
yeye akiwa mstari wa mbele anakula ndizi.
Kumi na tano.
Ilka hamtazami. Anakanyaga tu, mdomo wazi,
nafasi ya mkono mmoja kati ya usukani na usukani.
Kumi na tisa. Zsombor amepunguza mwendo,
na kadi iko tayari vidoleni mwangu.

Nilipostaafu, darasa langu alipewa Boglárka,
niliyemfundisha mwenyewe kugawa kwa sehemu.
Funguo za kabati la vitabu nilikaa nazo siku tisa.
Nilisema nimezisahau.
Zilikuwa kwenye koti, nazisikia kila nikitembea.

Ishirini na mbili.
Mzee anaacha kukanyaga.
Hivi tu: miguu imesimama, mnyororo unalia peke yake,
na gurudumu la Ilka linapita mbele ya lake.
Ishirini na nne.
Anarudi kulia, hana papara.
Dezső naye anajivuta nyuma, maana kazi sasa ni yake:
aliyepitwa ndiye anayeachia nafasi,
mita kumi na mbili nzima, kabla hajaota kupita tena.
Anaziachia zote. Anaongeza na mbili.

Lakini kukaza ni kukaza.
Tunamsogelea; naiinua kadi ya buluu,
nayataja makosa kwa sauti ile ya ubaoni:
dakika tano, kituo kinachofuata, namba sabini na saba.
Anatikisa kichwa. Jasho linamning'inia kwenye nyusi.
"Nilikaza kwa sekunde ngapi?"
"Kumi na moja."
Anafikiri mpaka tunapita kibanda cha maji.
"Zilikuwa tamu," anasema.

Nimeandika: 318, amepita kihalali.
Nimeandika: 77, kadi.
Zsombor anauliza kwa kioo nacheka nini.
Nimemwambia aangalie barabara.