Kopo Ninalokuachia

Aikande, kopo liko barazani, upande usiofikiwa na mvua,
lile la rangi, lenye doa la bluu mdomoni.
Ukiliona utasema: huyu mama ameniachia kuni.
Ndivyo alivyosema mwenye nyumba.
Ndivyo alivyosema kijana wa taka, mara mbili,
na mara ya pili alikuwa ameshalifikisha getini.

Jina lake la kitabuni silijui.
Humu ndani tunauita Mfufuka.
Eliamani aliung'oa kwenye jabali, njia ya Same,
lori limekufa, jua la saa nane, vitunguu vinanuka nyuma,
akauleta hapa Pasua umeviringishwa gazetini
kama ng'onda.
"Uwekee maji," akasema, "halafu ulale."
Nikauwekea. Sikulala.
Usiku kucha jani lilikuwa linajinyoosha,
polepole, kama mtu anayepapasa miwani gizani.

Sasa sikiliza, maana basi langu ni la saa kumi na mbili.

Mimi ni mtoto wa kahawa.
Baba, kule Old Moshi, alinipa kisu nikiwa darasa la tatu:
kata maotea, kata kikavu, mwanga uingie katikati,
mti usioumia hauzai.
Basi Januari ile ya kwanza, vumbi la Pasua limetuingia hadi kwenye meno,
nikautazama Mfufuka: wa kijivu, umekunja ngumi.
Nikasema, kikavu hiki.
Nikapogoa kama nilivyofundishwa. Safi. Hata baba angesifu.
Siku ya nne ikaja mvua isiyo na taarifa.
Visiki vikalowa, vikabaki visiki.
Tawi moja tu, la nyuma, nililolipitia kwa uzembe,
likafunguka kijani.
Hilo ndilo ninalokuachia.
Limeishi kwa sababu sikuwa makini.

Kwa hiyo usikate ukiwa umekauka.
Ukikauka, aliyekufa na aliyelala wana sura moja.
Kwanza maji, na si ya kumwagia, ya kuloweka:
kopo ndani ya beseni, jioni,
maji ya mvua kama unayo.
Siku moja. Ukiona kimya, mbili.
Ya tatu, asubuhi, jua halijapanda, ndipo ushike kisu.
Kilichobaki kahawia na wenzake wamefunguka, kipinde kidogo.
Kikilia ta! hicho kimekwenda.
Kikipinda bila neno, kiache.
Kata chini kabisa, penye shina,
kisu kimepita motoni na kimepoa.
Usizidi theluthi. Usipunguze ncha kwa urembo,
huo si kichwa cha bibi harusi.
Na iwe Aprili, masika yameshashika.
Ukichelewa, basi, ngoja mwakani;
Juni baridi inashuka mlimani, na kidonda hakifungi.

Halafu uuache ukauke tena.
Hapa ndipo watu wanaposhindwa.
Wakiuona unajikunja wanakimbilia jagi.
Ukinyweshwa kila siku unaoza ukiwa kijani,
na huko ndiko kufa kwake.

Najua unangoja niseme habari za Kisali:
kwamba hajainuka kwenye kile kiti tangu kiwanda kifungwe,
kwamba ndugu zako wanakaa kikao Jumamosi
na wameshakuandalia la kusema.
Sisemi. Mimi naongea habari za kopo.

Nitakuwa Tanga mpaka mtoto wa Ndeshi atimize arobaini.
Kisu kiko juu ya kabati, ndani ya leso ya Eliamani.
Ni kile kile cha baba, kinakata hata usichokusudia.
Nikirudi nikikikuta kwenye leso yake, fundo halijafunguliwa,
sitakuuliza kwa nini.