Kulabu Mbili

Kazi yangu leo ni kushika.
Kulabu mbili, moja kila mkono,
ncha zake zikutane nyuma ya mfupa,
mahali nisipopaona.

Mezani ni Mwanahawa Shee wa Kibokoni, miaka miwili na nusu.
Bibi yake ndiye aliyegundua, siku akimvisha winda:
"Mwana huyu, mbona mikunjo ya mapaja hailingani?"
Wakasema atatembea tu. Akatembea,
kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Daktari Bwanaadi hukata kwa ulimi kwanza.
"Hapa, chini ya ncha ya nyonga, pana uzi wa fahamu
mwembamba kama wa kudarizia kofia.
Ukikatika, paja litakuwa la mtu mwingine:
atajikuna asijisikie."
Anausogeza kwa kitambaa chenye maji ya chumvi.

"Upande wa kinena wamelala wakubwa watatu,
neva, ateri, vena, ukuta kwa ukuta.
Kwao hatubishi hodi."
Anatafuta kano iliyovuta paja juu,
anaitazama, anaigeuza, anaitazama tena.
Kano ni nyeupe. Neva nayo ni nyeupe.
Weupe si ushahidi.

Kisha lile pengo la nyuma.
Waya wa msumeno unapita hapo,
na hapo hapo inapita neva nene kama kidole chake cha mwisho,
itakayomwinulia wayo maisha yake yote.
Kati ya waya na neva
kuna chuma changu.

Waya unakwenda, unarudi.
Harufu ya jino linalochongwa.
Adhana ya adhuhuri inapenya kwenye kiyoyozi.
"Usilegeze."
Nilikuwa sijalegeza.

Saa tisa. Plasta kifuani hadi vidoleni.
Nagusa kidole gumba cha kushoto.
Kimya.
Nagusa tena, nabana kidogo: kinapanda,
kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa.
Mama yake anaushika mkono wangu
nao umekufa ganzi, siusikii wake.

Umebaki mshipa mmoja,
ule unaozunguka shingo ya paja kama kikuba
ukikinywesha kichwa cha mfupa damu.
Aliambiwa jana, akatia sahihi.
Tuliuvuta? Tuliubana?
Huo hausemi leo.
Utasema kwenye picha, mwakani, Inshallah,
na mimi nitakuwa zamu nyingine,
nimeshika nyonga ya mtu mwingine.