Namba Mia Mbili Kumi na Nne

Bafu la wachimbaji wamelipaka chokaa,
wamelikwangua masizi ya miaka sabini,
ila minyororo wameiacha dari nzima,
na kulabu zake, pale tulipotundika nguo za nyumbani
tukashuka chini na matambara.
Msanifu kutoka mjini alisema ni pambo.
Sawa. Na liwe pambo.

Mvua ya Valmoru, ile isiyonyesha wala kukatika,
ilikuja kwenye ufunguzi kama mgeni rasmi.
Meya akakata utepe kwa mkasi wa kinyozi.
Mpuliza zumari akaukumbatia mfuko, ukakohoa kwanza,
maana naye kifua chake ni cha makaa.
Tukaingia. Tukafuta viatu. Hakuna aliyetuambia tufute.

Dirisha la kuazimia vitabu ni lilelile
nililokaa nyuma yake miaka thelathini na moja
nikigawa taa.
Kila mtu na taa yake, kila taa na kipande cha shaba,
kila kipande na namba.
Asubuhi kipande kinatoka, jioni kinarudi,
na mimi nahesabu. Kazi yangu haikuzidi hapo:
kujua nani yumo ndani ya mlima.

Leo amekaa Nerea, binti wa muuza mikunga,
kucha za kijani, kompyuta, muhuri mpya.
"Jina? Mtaa? Haya, kadi yako namba tisa."
Eloína akaigeuza kadi
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Tisa ya nani? Kwetu sisi ni mia mbili kumi na nne."

Nikaangalia sakafu.
Kipande hicho nakijua. Kilitoka Jumanne, mwezi wa Machi,
Belarmino akinidai sigara,
na msumari wake ukutani ukabaki mtupu
hadi kampuni ilipoubomoa na ukuta.

Nerea hakujua; alikuwa hajazaliwa.
"Namba zinakwenda kwa foleni, bibi.
Mpaka wajiandikishe watu mia mbili na kumi na tatu."
"Nitangoja," akasema Eloína. "Kungoja nakujua."

Lakini hakungoja. Aliwinda.
Kesho yake alimleta dada yake na wajukuu wanne,
mmoja wao, Xurde, hajui hata kushika kalamu, kadi anayo.
Akamleta padri. Akamleta jirani
waliyenuniana miaka kumi na tisa kwa ajili ya ua wa bustani.
Akaleta timu nzima ya mpira, na matope yao.
Kwenye baa ya Telvina alipanda juu ya kiti,
nasi glasi za mvinyo wa tufaha mkononi,
akasema: anayejua kusoma bei ya kinywaji
hana udhuru.
Mtu aliyekuwa hajafungua kitabu tangu kipaimara
akaondoka na riwaya kwapani kama aliyeiba kuku.

Mimi nilikataa hadi Novemba.
Nilisingizia macho. Hayakuwa macho.
Ni lile dirisha: sikutaka kusimama
upande wa wanaotoka.

Zilipofika mia mbili kumi na mbili, akanigongea mlango.
Hakusema neno. Alishika mwavuli, nikavaa koti.
Jina langu nililiandika polepole, herufi kwa herufi,
na nyuma ya kisogo changu
nikasikia pumzi yake ikihesabu.

Akairudisha tisa. Akapewa yake.
Akaazima kitabu cha kupogoa mipea,
ingawa mpea wake ulikauka zamani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa pale nasoma gazeti,
au nalishika tu,
alipokisukuma kitabu dirishani, kikinuka moshi wa jikoni.
Kompyuta siku hiyo iligoma.
Nerea akavuta daftari, akalamba kidole, akaandika,
nami nikanyoosha shingo
niyasome maandishi yaliyopinduka:

214. Kimerudi.