Samaki Hana Mchinjaji

Ringi nimeichomelea mwenyewe, nondo ya milimita kumi na mbili,
nikaipachika kwenye nguzo iliyokuwa ya taa,
pale mwamba unapolala kama ng'ombe aliyeshiba
juu ya Mirongo, katikati ya mitaa miwili isiyosalimiana.
Mama Nyanzobe akapita na beseni la dagaa, akacheka:
"Kocha, kikapu gani hiki hakina kitako?"
Nikamwambia, ndiyo maana hakuna atakayekiiba.

Hiyo ilikuwa baada ya mwaka wa mabucha.
Wa huku walisema nyama ya kule si nyama,
wa kule wakasema kisu cha huku kina kiburi.
Mabucha mawili yakaungua usiku mmoja,
na asubuhi mbwa tu ndio waliokula bila kuuliza.

Nilitaka watoto kumi. Wakaja kumi na mmoja;
mmoja alikuja kumlinda dada yake.
Nikasema: pasi.
Swaumu akampa Rahma, Rahma akamrudishia Swaumu.
Upande wa pili, Lushinge kwa Ng'washi, Ng'washi kwa Lushinge.
Wiki tatu mpira haukuvuka mstari wa chokaa
ila kwa kuporwa.

Jezi za msaada zilikuja kijani. Wazazi wa upande mmoja wakaguna.
Nikawaambia watoto: zigeuzeni.
Mpaka leo tunacheza mishono nje,
namba zikisomeka kinyumenyume.

Kisha siku ile mpira ukamponyoka Kulwa,
ukapiga mwamba, ukapiga bati la choo cha kina Magesa,
ukashuka, ukashuka, tunausikia,
tu,
tu,
tu,
mpaka kwenye bucha jipya la konani.
Tukangoja. Nani aanze kwenda?
Mwenye bucha akapanda nao mwenyewe, aproni imelowa,
akauweka juu ya chokaa, akageuka bila neno.
Mpira ulikuwa na alama ya kiganja,
vidole vitano vya damu na mafuta.

Yule wa kumi na mmoja akauliza:
"Ng'ombe huyu alichinjwa na nani?"

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Najua kumjibu refa,
najua kumjibu mwenyekiti wa mtaa.
Hilo sikulijibu.
Swaumu akainama, akachota mchanga, akausugua mpira
kama asuguavyo sufuria la kwao,
akaudunda mara mbili, akiusikiliza,
akautupa kwa Lushinge.
Lushinge hakuwa tayari; ukamgonga kifuani.
Akalenga. Akakosa.
Hakuna aliyemlaumu. Ringi yangu imepinda kidogo kushoto.

Jumamosi nikashuka Mwaloni alfajiri, nikanunua sato sita.
Usiku kucha nilikuwa nikitafuta jibu
na kumbe limelala majini:
samaki hana mchinjaji.
Hutolewa tu ziwani akafa kifo chake,
wala hakuna aliyewahi kugombania
jina lililotajwa juu ya shingo yake.
Mikono ishirini na miwili, nikahesabu, wengine wanakula kwa yote,
ikaingia sinia moja.
Waligombana, ndiyo. Juu ya vichwa.

Msiseme nimeleta amani.
Ng'washi haji tena, baba yake amempeleka Geita kwa shangazi,
na jezi yake ipo kwangu, bado imegeuzwa.
Juzi mtu ameandika nguzoni, kwa mkaa, neno nisilolirudia.
Nimelipaka rangi. Linaonekana jua likiwa kali.

Lakini jana nilichelewa, nilikuwa na geti la mteja,
nikawakuta wamekwisha kujipanga bila mimi:
warefu upande huu, wafupi upande ule.
Wafupi wanapiga kelele kwamba si haki.
Si haki kweli.
Nikaiacha filimbi mfukoni.